Tume ya Makweta: watu waliulizwa, jibu likaishia wapi?

Najua nimepotea. Semista imebana, asaimenti zinapandana, na boom tunalisikia tu kwa jina. Leo sina umbea wa hosteli, samahanini. Nataka tuongelee Tume ya Makweta. Kwenye lekcha zetu inapita kwa dakika mbili, tunaandika "1982" kwenye daftari, halafu kwenye mtihani unaambiwa taja mapendekezo matano. Unataja, unapata maksi zako, basi. Mimi nimekaa maktaba wiki nzima na hii tume na nakwambia kisa chake ni kizito kuliko hayo mapendekezo matano.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1967 imekuja Elimu ya Kujitegemea, na mwaka huo huo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma: kila mtoto aende shule ya msingi, na iwe hivyo ifikapo 1977. Watoto wakajaa madarasani, walimu hawatoshi, ndipo wakapatikana wale walimu wa UPE ambao bibi zetu mpaka leo wanawatania. Kisha vita na Amin 1978 mpaka 1979, mafuta yamepanda bei, hazina imekauka. Watoto wanamaliza la saba kwa maelfu na nafasi za sekondari ni za kuhesabu. Hapo ndipo Mwalimu Nyerere, mwaka 1980, akaunda Tume ya Rais ya Elimu na kumpa uenyekiti Jackson Makweta, mwanasiasa wa Njombe.

Kazi yao ilikuwa kuangalia mfumo mzima, kuanzia awali mpaka chuo kikuu, na kupanga mpaka mwaka 2000. Walipita mikoani wakisikiliza watu. Februari 1982 wakamkabidhi Rais ripoti, imeandikwa kwa Kiswahili, jambo ambalo mimi linanifurahisha sana. Mzee aliyetoa maoni yake angeweza kuisoma mwenyewe bila kutafuta mkalimani!

Ndani yake kulikuwa na pendekezo moja lililowashtua wakubwa. Tume ilisema shule na vyuo vyote vifundishe masomo yote kwa Kiswahili, kidato cha kwanza kianze Januari 1985, na chuo kikuu kifuate mwaka 1991. Soma tena hizo tarehe. Hiyo haikuwa ndoto ya "siku moja Mungu akipenda", ilikuwa ratiba kamili. Na wala haikutoka hewani, kwa sababu tangu mwishoni mwa miaka ya 60 somo la Siasa lilikuwa tayari linafundishwa kwa Kiswahili sekondari na hakuna aliyekufa.

Sasa sikiliza. Mwaka 1983 Waziri wa Elimu akasema mabadiliko ya lugha yaliyokuwa yanategemewa hayatakuwepo. Waziri gani? Makweta! Mwenyekiti yule yule. Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwanza nikaenda kunywa chai.

Sitaki kumsakama marehemu, maana waziri hasemi ya moyoni mwake, anasema ya serikali. Ila mwaka 1984, serikali na chama walipotoa kitabu cha mapendekezo waliyoyakubali, ile ratiba haikuwemo. Badala yake tukaambiwa lugha zote mbili zitatumika kufundishia na Kiingereza kitaimarishwa. Mwalimu mwenyewe mwaka huo alisema Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia. Ndiyo, huyo huyo aliyetafsiri Shakespeare kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza! Hofu yake, kwa ninavyomwelewa, ni kwamba tukikitoa Kiingereza madarasani kitakufa kabisa nchini. Ni hofu ya kweli, siidharau. Wazazi wengi wanayo mpaka kesho.

Lakini mwaka huo huo wa 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu. Wakakuta kwamba kidato cha nne, ni kama asilimia 10 tu waliofikia kiwango ambacho mtu angetegemea ndiyo waanze kufundishwa kwa Kiingereza. Yaani waanze, wakati wenzetu hao wanamaliza! Pamoja na hayo ushauri wao ukawa Kiingereza kibaki, na mwaka 1987 ukaja mradi wa msaada wa Uingereza wa kukiimarisha. Maoni ya mikoani yakakaa upande mmoja wa mizani na msaada upande wa pili, kipindi nchi haina hata sabuni dukani. Uzito ulikuwa wapi, mtasema wenyewe.

Kuna watu darasani kwetu wanasema basi tume ilikuwa danganya toto. Hapana bwana. Mengi yake yalitekelezwa. Tume ya Utumishi wa Walimu ya 1989 ilitokana na mapendekezo yake. Kitivo cha Elimu hapa Mlimani kilianza 1989 kutokana na mapendekezo hayo hayo, na ndicho leo tunakiita Shule Kuu ya Elimu. Kwa maneno mengine mimi na wewe tumekaa kwenye viti vya Makweta. Ninachokiona ni kwamba yaliyopita ni yale ya kuunda ofisi na vitengo. Lile la kumgusa kila mtoto kila kipindi ndilo lilikwama, na aliyelitolea maoni hakurudishiwa sababu. Alisikia tu redioni kama wengine.

Mwaka jana kwenye TP nilipewa kidato cha kwanza. Nikafundisha zama za mawe kwa Kiingereza, wamenyamaza kama wamemwagiwa maji. Nikauliza kwa Kiswahili: moto ulimsaidia nini binadamu wa kale? Mikono juu darasa zima, mmoja akasema ulimpunguzia woga wa usiku. Jibu hilo halimo hata kwenye kitabu! Baada ya kipindi mwalimu mmoja akaniita pembeni, "Mwanangu, humu mtihani hauji kwa Kiswahili." Nikamjibu ndiyo mwalimu, shikamoo, nikaondoka. Alikuwa na haki yake, mtihani kweli hauji.

Na hii habari imejirudia. Sera ya 1995 ikasema sekondari ni Kiingereza. Sera ya Utamaduni ya 1997 ikaahidi mpango wa kutumia Kiswahili ngazi zote. Sera ya 2014, aliyoizindua Kikwete Februari 2015, ikakipa Kiswahili nafasi ngazi zote, wengine tulikuwa bado shule ya msingi tukashangilia bila kujua tunashangilia nini. Mwaka 2021 Rais Samia akataka sera ipitiwe upya, Mei 2023 rasimu ikawekwa hadharani na wadau wakakutana Dodoma kuijadili, na toleo jipya likazinduliwa Februari 2025. Elimu ya lazima imekuwa miaka 10. Kiingereza kimebaki sekondari.

Sina ugomvi na serikali kukataa maoni, serikali yoyote inakataa. Ningependa tu siku sera inapotoka itoke na karatasi ya pili: mlisema hivi, tumekubali hili, lile tumelikataa kwa sababu hii na hii. Karatasi hiyo haikuwepo 1984, na 2025 sijaiona.

Haya, TP ya pili inakuja. Kwa mtaala mpya kuna History kwa Kiingereza na kuna Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kiswahili. Nimeomba nipewe zote mbili, kidato kimoja, watoto wale wale. Nitawaletea habari zao.