Tết: Sikukuu ya Familia Iliyobebeshwa Jina la Vita

Nilipolisikia neno Tết kwa mara ya kwanza darasani, lilikuwa jina la vita. Tulikuwa tukisoma habari za Vietnam, nami nikaandika daftarini "Mashambulizi ya Tết, 1968" bila kuuliza Tết ni nini. Katika insha hii nataka kurekebisha kosa hilo.

Tết ni mwaka mpya wa Wavietnam, unaofuata mwandamo wa mwezi na kuangukia mwishoni mwa Januari au katika Februari. Wanaofanya kazi mbali hurudi nyumbani, na wazee waliokufa huandaliwa chakula mezani pao. Desturi husema siku ya kwanza ni ya upande wa baba, ya pili ya upande wa mama, na ya tatu ya mwalimu.

Maandalizi huanzia jikoni. Tarehe 23 ya mwezi wa kumi na mbili, mizimu ya jiko hupanda mbinguni, ikibebwa na samaki, kutoa taarifa za kila nyumba. Ngano yake ni hii. Thị Nhi aliachana na mumewe wa kwanza, akaolewa na mwingine. Siku moja yule wa kwanza alifika akiwa ombaomba. Thị Nhi alimlisha, kisha akamficha kwenye nyasi kavu asionekane na mumewe. Mume, bila kujua, akazichoma nyasi hizo. Thị Nhi akajitupa motoni kwa uchungu, naye mumewe akamfuata. Mfalme wa mbinguni akawahurumia, akawafanya walinzi wa jiko. Wao ndio mafiga matatu. Sisi tuliokulia kwenye mafiga hatuhitaji kuelezwa kwamba figa moja likiondoka, chungu hakikai.

Hata hivyo, sikukuu hii iliwahi kutumiwa vitani zamani. Mwaka 1789 mfalme Quang Trung aliwasherehekesha askari wake Tết kabla ya siku yake, kisha akalishambulia jeshi la China lililokalia Thăng Long, yaani Hanoi ya leo. Aliingia mjini siku ya tano ya mwaka mpya.

Mwaka 1968 pande zote mbili zilikuwa zimetangaza kusitisha mapigano kwa ajili ya Tết. Serikali ya Kaskazini ilikuwa imebadilisha kalenda, hivyo watu wake walisherehekea tarehe 29 Januari, siku moja kabla ya Kusini. Usiku wa kuamkia tarehe 30 na 31, majeshi ya Kaskazini na wapiganaji wenzao wa Kusini walishambulia miji zaidi ya 100. Huko Huế mapigano yaliendelea kwa karibu mwezi mmoja, na raia wengi waliuawa.

Wavietnam huamini kwamba mtu wa kwanza kuvuka kizingiti siku ya Tết huleta bahati ya mwaka mzima. Mwaka ule, katika nyumba nyingi, aliyetangulia kuingia alikuwa na bunduki.

Kwa kuhitimisha, naona kwamba ngano na mila si pambo la historia. Bila kuijua sikukuu, nilihesabu miji iliyoshambuliwa nisitambue kwamba watu walikuwa wamerudi nyumbani kula pamoja. Wavietnam bado wanaiadhimisha Tết kila mwaka. Ni haki yao tuijue kwanza kama sikukuu.