Hospitali ya Uongo Yenye Watu wa Kwetu

Wasee, tukianza kuongea historia ya teknolojia ya Kenya huwa tunaanzia palepale. M-Pesa, Machi 2007. Ushahidi, Januari 2008. iHub, 2010. Halafu tunanyoosha kidole upande wa Konza tukisema Silicon Savannah, na sisi wa Machakos tunajigamba kama vile Konza ni shamba la guka. Sawa, sikatai. Lakini kuna programu iliwashwa Eldoret Februari 2006, mwaka mzima kabla ya M-Pesa, na leo inatumika katika zaidi ya nchi 40. Inaitwa OpenMRS. Kazi yake ni kutunza rekodi za wagonjwa. Haina tangazo kwa TV, haina wimbo, ndiyo maana hujaisikia.

Leo sitaki kusimulia historia yake yote. Nataka kipande kimoja ambacho wengi wanaona ni boring: majaribio. Yaani unajuaje kifurushi cha programu kinafanya kazi, kama kifurushi chenyewe hakiwezi hata kusimama bila programu kubwa iliyokizaa?

Wacha nieleze hiyo vizuri. Ukijenga mfumo wa wavuti siku hizi huanzi na matofali. Unachukua kiunzi ambacho wengine walishajenga, kama Laravel kwa watu wa PHP au Spring kwa watu wa Java, halafu unaongeza vifurushi. Kuna vifurushi vya kujitegemea. Ukikipa namba mbili kinajumlisha, uwe Machakos ama Mars. Lakini kuna vingine vinategemea msimbo wa programu inayovitumia. (Msimbo ndiyo kodi, na simaanishi ile ya landilodi.) Kifurushi cha kuchora grafu ya uzito wa mgonjwa kinahitaji mgonjwa, na mgonjwa hayumo ndani ya kifurushi. Yumo kwa programu kubwa. Ni kama fundi wa jua kali anayetengeneza kerieri ya matatu: hawezi kujua inakaa vizuri mpaka apate paa la gari, na gari liko barabarani linatafuta pesa.

Sasa turudi nyuma. Mwaka 2001, kwenye kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani, walianzisha mfumo wa rekodi za wagonjwa kwa kompyuta. Uliundwa kwa Microsoft Access. Ndiyo, ileile Access ya darasa la kompyuta. Mwaka huohuo mpango wa AMPATH wa kutibu watu wenye HIV ulianza pale Eldoret, na wagonjwa wakazidi kuongezeka. Daktari anajaza fomu ya karatasi, karani anaingiza kwenye kompyuta, foleni inazidi. Mwaka 2004 madaktari wawili kutoka Indiana, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret na kuona kwamba kubandika viraka juu ya mfumo ule hakutawafikisha mbali. Ukaanza kuandikwa mfumo mpya, kwa Java, juu ya Spring. Huo ndio OpenMRS.

Hapa ndipo mambo yananoga. 2006 hiyohiyo, baada ya Eldoret kuwasha, Partners In Health wakaupeleka Rwinkwavu, Rwanda. Afrika Kusini nao wakaingia. Programu iliyozaliwa kwa shida za Eldoret ikajikuta inaishi kwa nyumba za watu wengine, wenye fomu zao, lugha zao na mazoea yao. Huwezi kuweka matakwa ya kila mtu katikati. Kwa hivyo umbo likawa hivi: kiini katikati, moduli pembeni. Unataka ripoti fulani? Andika moduli. Unataka fomu fulani? Moduli. Na moduli haibebi kiini ndani yake. Inatangaza tu kwamba inategemea kukikuta hospitalini ikifika, na inataja toleo ambalo isikutane na la chini yake. Kerieri bila gari, manze.

Unaijaribuje?

Njia ya kwanza ni kuunda kiini bandia mwenyewe. Unaandika kakitu kadogo kanakojifanya OpenMRS, moduli ikiuliza swali kanatoa jibu ulilokaandikia. Ni haraka, na kwa mambo madogo inatosha. Shida ni kwamba hako kakitu kanasema kile ulichokaambia kaseme. Ni kama kesi ambayo shahidi wako ni shemeji yako.

Njia ya pili ndiyo iliyonifanya niandike haya. Watu wa OpenMRS waliamua kwamba kiini kitatoa si msimbo wake tu, bali pia vifaa vyake vya majaribio, kama kifurushi cha pembeni ambacho mwenye moduli anaweza kuazima. Unaporithi klasi inayoitwa BaseModuleContextSensitiveTest, jina refu kama foleni ya Mlolongo, kompyuta yako inawasha kiini halisi cha OpenMRS. Hifadhidata inaumbwa ndani ya memori bila kugusa diski. Inajazwa data ya uongo. Jaribio linakimbia, halafu mabadiliko yote yanarudishwa nyuma. Ukiua mgonjwa kwenye jaribio la kwanza, kwa la pili amefufuka na hana kinyongo.

Sehemu kubwa ya hiyo data ya uongo imekaa kwenye faili moja, standardTestDataset.xml. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hakuna mhadhiri aliyewahi kunionyesha kitu kama hiki. Nimekipata kwa kusoma msimbo wenyewe, maana uko wazi kwa kila mtu. Ndani yake kuna hospitali nzima ya kufikirika. Moja ya sehemu za kutibiwa inaitwa Xanadu, nyingine Never Never Land. Mgonjwa mmoja ni Horatio Test Hornblower, jina la nahodha wa riwaya za Kiingereza. Halafu unasonga chini kidogo na unakutana na Collet Test Chebaskwony. Na Anet Test Oloo.

Nilicheka kwa sauti. Chebaskwony na Oloo, ndani ya faili ambalo hukimbia kwenye kompyuta ya developer yeyote duniani anayejaribu moduli ya OpenMRS. Huyo jamaa huenda hajui Kenya iko wapi kwenye ramani, na bado akibonyeza kitufe Anet Oloo anaamka kwenye memori ya mashine yake kuhakikisha grafu haijaharibika. Mtu akikuambia teknolojia huwa inashuka tu kutoka ng'ambo kuja kwetu, mwonyeshe hilo faili.

Lakini sasa ngoja, kwa sababu hapo hapo ndipo kuna mtego, na sijaona watu wakiuongelea vya kutosha.

OpenMRS hutunza kila kitu kinachopimwa kama dhana yenye namba, ndani ya kamusi. Kwenye kamusi ya Eldoret, uzito kwa kilo ni 5089. Hesabu ya CD4 ni 5497. Fungua lile faili la majaribio: uzito ni 5089, CD4 ni 5497. Hospitali ya uongo imerithi namba za mama yake. Sasa chukua mfano huu wangu. Unaandika moduli ya kuonyesha wagonjwa ambao CD4 yao iko chini ya 200, na miaka ile huo ndio ulikuwa mstari wa kuamua nani aanze dawa. Ndani ya msimbo unaandika 5497 moja kwa moja. Unakimbiza majaribio, yote ni kijani. Unapeleka moduli kwa hospitali iliyounda kamusi yake kutoka mwanzo, ambapo 5497 ni kitu kingine kabisa, au haipo. Moduli haitalia. Itakuletea orodha tupu, na orodha tupu inafanana sana na habari njema. Hakuna mgonjwa wa kushughulikiwa leo, twende lunch.

Jaribio halikudanganya. Lilithibitisha tu kwamba moduli inafanya kazi Eldoret. Umechukua kifurushi ulichosema kinaweza kutumika popote, ukakijaribu nyumbani kwao, ukamuuliza mama yake kama ana tabia nzuri.

Dawa yake ilikuja polepole, vipande vipande. Toleo la 1.5 la OpenMRS lilileta UUID, kitambulisho kirefu kisichogongana kikihamishwa kutoka seva moja hadi nyingine. Kamusi ya pamoja ikakua, CIEL, iliyosimamiwa na Andrew Kanter wa Chuo Kikuu cha Columbia, ili watu wengi wakisema uzito wawe wanamaanisha uzito uleule. Hizo zinasaidia, ila bado hazijibu swali la jaribio: je, moduli yangu inaelewana na nyumba ninayoipeleka?

Jibu zuri zaidi ambalo nimeona lilitoka hapahapa. KenyaEMR ilianza 2012, ikiwa ni OpenMRS iliyovalishwa sare ya Kenya kwa ajili ya kliniki za HIV. Namba ya mgonjwa wa kliniki hizo huanza na tarakimu 5 za kituo, zile za orodha kuu ya vituo vya afya nchini, kisha namba yake mwenyewe. Linganisha na Hornblower, ambaye namba yake ni 101-6. Hiyo 6 baada ya kistari ni ya kukagua makosa ya kuandika: zidisha 1 ya mwisho kwa 2, acha 0, zidisha 1 ya kwanza kwa 2, jumla 4, na inabaki 6 kufika 10. Ni hesabu safi. Lakini namba ya Kenya haina kistari wala hiyo tarakimu ya kukagua, kwa hivyo moduli iliyozoea Hornblower pekee ikifika kliniki ya huku itashangaa.

Walichofanya watu wa KenyaEMR ni kuandika mipangilio yao yote, yaani fomu, programu za matibabu na aina za vitambulisho, ndani ya msimbo, kwa mafungu yanayoweza kusakinishwa. Mfumo ukiwaka kliniki, mafungu yanasakinishwa. Jaribio likianza kwa laptop, mafungu yaleyale yanasakinishwa, juu ya faili dogo la dhana za kujaribia. Badala ya kubahatisha Kenya inafanana vipi, jaribio linaijenga Kenya ndogo kwa matofali yaleyale ya ile kubwa. Kwangu hiyo ni kazi ya kihandisi ya kiwango cha juu kuliko app kibao ambazo tumepigia makofi kwa mashindano ya wikendi.

Kuna jamaa tunafanya naye tuvibarua twa wavuti hapa mjini ambaye husema majaribio ni anasa ya kampuni kubwa, mteja hakulipi kwa ajili ya kijani. Kwa tovuti ya duka la viatu, labda. Kifurushi kikishakuwa cha watu wengi, wewe hutakuwepo siku kinavunjika. Hutajua hata kimevunjikia wapi. Kwa huyo jamaa ningesema aandike majaribio machache tu, lakini ayaendeshe ndani ya programu halisi ya mtu mwingine, yenye data ya mtu mwingine. Kumi ya aina hiyo nayathamini kuliko mia ya shemeji.

Na bado hata Kenya ndogo ina pengo. Hifadhidata ya majaribio ni H2, ile ya memori. Kwenye vituo, OpenMRS hukalia MySQL. Hizi mbili hazikubaliani kwa kila kitu: sentensi ya SQL inaweza kupita huku ikagoma kule. Kwa hivyo kabla moduli haijapelekwa kituoni, lazima mtu aketi chini awashe mfumo mzima na MySQL yake, aingie kama karani, aandikishe mgonjwa kwa mkono, aangalie kama uzito alioingiza ndio unaotokea kwenye grafu. Hakuna klasi ya kurithi itakayomfanyia hiyo.