Mlango wa duka Kashojwa: ulizia geji, usitazame rangi

Mfanyabiashara wa Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, anayeagiza mlango wa chuma Mbarara asidanganywe na rangi. Aulizie geji. Namba ikipanda, bati huwa jembamba: la geji 28 ni nene kuliko la 30, na la 32 ni jembamba zaidi.

Ila mwizi mjuzi hahangaiki na bati, hutazama ukuta. Fremu iliyoshikizwa kwa udongo mtupu hung'oka nzima, kufuli la bei likining'inia. Mwambie fundi aichomelee vikono vya nondo, kisha vizikwe ukutani kwa saruji. Bawaba zikae ndani.

Msafirishaji naye aupakie mlango ukiwa umefungwa kwenye fremu yake. Ukipinda njiani, komeo halitaingia tunduni.