Old Moshi: Nchi Iliyouachia Mji Jina Lake

Moshi ilikuwa mlimani kabla haijawa mji. Jina hilo lilikuwa la nchi ya Mangi Rindi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, na boma la Wajerumani nalo lilijengwa huko juu. Reli ya kutoka Tanga ilipofika tambarare mwaka 1911, ofisi na maduka viliifuata, na jina likashuka pamoja navyo. Wenyeji walibaki na migomba yao, na nchi yao ikaitwa Old Moshi. Mzazi akaitwa kwa mwanawe, kama ilivyo desturi.

Injili ililetwa huku mara mbili. Waanglikana wa CMS walianza kazi mwaka 1885, siku za Rindi. Rindi alifariki mwaka 1891, akarithiwa na mwanawe Meli, angali kijana. Juni 1892 askari wa Meli waliwashinda Wajerumani, na afisa wao von Bülow akafa. Wajerumani waliwashuku wamisionari Waingereza kuwa upande wa Mangi, nao wakalazimika kuhamia Taveta. Agosti 1893 Gavana von Schele alikuja na jeshi kubwa, akamshinda Meli. Mwaka huohuo wamisionari wa Leipzig waliwasili Machame. Mwaka 1894 wakafika Mamba, na mwaka 1896 wakaanza kazi Moshi, katika Kidia. Historia ya kanisa haipaswi kuuruka mfuatano huo wa miaka. Njia waliyoipita watumishi hao ilikuwa imefunguliwa kwa bunduki, ingawa wao hawakuishika.

Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa Tsudunyi, pamoja na viongozi wengine 18 wa Uchaga, Meru na Arusha, wakishtakiwa kula njama dhidi ya serikali. Wazee husimulia kwamba alikaa mtini saa nyingi kabla ya kukata roho, kisha kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Kutoka mti huo hadi kanisani si mbali. Waliobatizwa Kidia katika miaka iliyofuata waliipokea imani kutoka kwa ndugu wa kabila la wale waliomnyonga Mangi wao, na jambo hilo, kwa haki, lastahili kuhesabiwa miongoni mwa maajabu ya usharika wowote.

Mchungaji Bruno Gutmann alihudumu Kidia tangu 1910 hadi 1938, isipokuwa miaka ya 1920 hadi 1925 alipokuwa ameondolewa kwa sababu ya vita. Alifundisha kwamba kanisa lijengwe juu ya ukoo, ujirani na rika. Wapo waliomlaumu kuwa aliyapenda mno ya kale, na lawama hiyo si bure. Hata hivyo, aliketi chini akasikiliza. Wazee waliomweleza sheria na mafunzo ya Wachaga walikuwa wa kizazi kilichouona mti ule.

Septemba 2023 watafiti wa Berlin walitangaza matokeo ya vipimo vya nasaba vya mafuvu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Fuvu moja, lililoandikwa jina Akida, lilionekana kuwa la mshauri wa Mangi Meli, na jamaa zake wakapatikana. Jamaa za Meli nao walikuwa wametoa sampuli. Kichwa cha Mangi hakikuwa miongoni mwa vilivyotambuliwa.