Jumamosi za Cowdenbeath

Katika msimu wa 1992/93 timu ya Cowdenbeath ilicheza mechi 44 katika Ligi Daraja la Kwanza ya Uskoti. Ilishinda 3, ikatoka sare 7, ikafungwa 34. Ilipachika mabao 33 na kupachikwa 109. Siku zile ushindi ulikuwa na thamani ya pointi mbili tu, kwa hiyo mavuno ya msimu mzima yalikuwa pointi 13. Jina la daraja lisimdanganye msomaji: juu yake ilikuwapo Ligi Kuu, ambako walikaa wakubwa kama Rangers na Celtic. Na katika zile mechi 3 ilizoshinda, hakuna hata moja iliyochezwa nyumbani. Mara 22 mashabiki wake walilipa kiingilio katika uwanja wao wenyewe, na mara 22 wakarudi makwao bila ya ushindi.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Si mara zote 22, nisijisifu. Labda kumi na mbili. Nilikuwa mwanafunzi mjini Edinburgh, kijana wa Tanga mwenye koti la mtumba na Jumamosi nyingi zisizo na la kufanya. Jina la Cowdenbeath nilikuwa nimelijua tangu utoto, kwa sababu marehemu baba alikuwa na desturi ya kusikiliza matokeo ya kandanda ya Uingereza kwenye redio ya BBC. Hatukujua miji ile iko wapi wala ina nini. Tulichokipenda ni sauti ya msomaji. Ilipanda kwa timu iliyoshinda na kushuka kwa iliyoshindwa, hata ukaweza kujua matokeo kabla idadi ya mabao haijatajwa. Baba alikuwa akikisia kwa sauti, na alikosea mara chache sana. Cowdenbeath kwetu lilikuwa jina ambalo sauti hushuka.

Basi siku moja nilipoliona jina hilo limeandikwa kwenye ratiba ya treni, nilikata tiketi. Treni inavuka mlango wa bahari kwa lile daraja kubwa la chuma la mwaka 1890, inaingia jimbo la Fife, na haukupita muda mrefu nikashuka. Niliukuta mji wa mawe ya kijivu, barabara kuu moja ndefu, na nyuma ya maduka yake ndipo ulipo uwanja wa Central Park, makao ya timu hiyo tangu 1917. Nilitazamia uwanja mdogo. Sikutazamia kwamba ungezungukwa na barabara ya lami kwa ajili ya mashindano ya magari, yale ya kugongana makusudi. Kwa hiyo mtazamaji husimama mbali na wachezaji, na upepo wa Fife hupita katikati yao bila kizuizi. Mashabiki waliiita timu yao Brazili ya Bluu, kwa rangi ya jezi, na ilinichukua mechi mbili kuhakikisha kwamba wanatania.

Mara nyingi tulikuwa watu mia chache tu. Mzee niliyesimama karibu naye siku ya kwanza ndiye niliyesimama naye siku zote. Alikuwa mchimba makaa ya mawe aliyestaafu, amezaliwa 1926, na kifua chake kilikuwa na vumbi la mgodini ambalo halikuwa na njia ya kutoka. Alishika chuma cha uzio kwa mikono miwili, akavuta pumzi kama mtu anayepanda ngazi, ingawa tulikuwa tumesimama. Jambo la kwanza aliloniuliza halikuwa nimetoka nchi gani. Aliuliza, "Kwenu mnachimba nini, kijana?"

Nikamwambia hatuchimbi, tunakata mkonge.

"Na umebaki?"

Nikamweleza jinsi kamba za nailoni zilivyoua bei ya mkonge, na mashamba makubwa yaliyorudi kuwa pori. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari za jirani. Kisha akaninunulia kikombe cha Bovril, ule mchuzi mweusi wa nyama ambao Waskoti wanaunywa uwanjani, nami nikaunywa kwa heshima yake.

Kwa mzee yule nilijifunza historia ambayo chuoni hawakunifundisha. Cowdenbeath ilikuwa mji mdogo mpaka makaa yalipoanza kuchimbwa kwa wingi. Kati ya 1890 na 1900 watu wake waliongezeka kutoka elfu nne hivi hadi elfu nane, wakauita mji huo Chicago ya Fife. Mashimo yalikuwa kila upande. Babake alimsimulia juu ya Agosti 1901, pale tope la kinamasi lilipobomoka na kumiminika ndani ya mgodi wa Donibristle, jirani na mji. Walikufa watu wanane: wanne waliokuwa kazini, na wanne walioteremka kuwaokoa. Mzee aliisimulia habari hiyo wakati wa mapumziko, tukiwa tumefungwa mabao mawili, na kipindi cha pili kilipoanza hakuna kati yetu aliyekuwa na haja ya kumlaumu mlinda mlango.

Lakini historia aliyoipenda zaidi ilikuwa ya dhuluma, na hapa niseme kwamba niliichunguza baadaye maktabani nikaikuta ni kweli. Cowdenbeath ilitwaa ubingwa wa daraja la pili mwaka 1914, ikautwaa tena 1915. Mara zote mbili haikupandishwa, kwa sababu enzi hizo bingwa hakupanda kwa haki yake. Wenyewe wenye vilabu ndio walioamua nani aingie kwao. Ilipanda hatimaye 1924, na katika msimu wake wa kwanza juu ikamaliza ya tano katika Uskoti nzima. Mji wa wachimba makaa ukakaa miongoni mwa wakubwa miaka kumi, mpaka 1934.

Halafu ukaja msimu wa 1938/39. Mzee alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, na alipoutaja alikuwa akiuachia ule uzio ili apate mikono ya kusimulia. Mshambuliaji Rab Walls alifunga mabao 54 ya ligi. Timu ilitwaa ubingwa na kupanda. Agosti 1939 ikaanza kucheza na wakubwa, na baada ya mechi tano vita vikaanza na ligi ikavunjwa. Vita vilipokwisha, ligi ikapangwa upya, na Cowdenbeath, iliyokuwa imepanda kwa jasho lake, ikawekwa tena daraja la chini.

"Tunangojea mechi ya sita," alisema.

Hakuwa akicheka. Au labda alikuwa akicheka. Kwa Waskoti wa Fife ni vigumu kupambanua.

Mwaka 1949 alikuwa na miaka ishirini na mitatu, amekwisha kuwa mtu wa mgodini. Septemba ya mwaka huo Cowdenbeath, timu ya daraja la chini, ilikwenda Glasgow ikawafunga Rangers mabao 3-2 katika uwanja wao wa Ibrox, kwenye robo fainali ya Kombe la Ligi. Siku chache baadaye ikaja mechi ya marudiano hapo Central Park. Waliingia watu 25,586, na rekodi hiyo haijavunjwa. Rangers walishinda 3-1 baada ya muda wa nyongeza, na kwa jumla ya mabao wakapita. Mzee alinionyesha mahali alipokuwa amesimama. Palikuwa pana lami na matairi mabovu yaliyopangwa.

Mashimo ya makaa yalifungwa moja baada ya jingine. Katika mwezi wa Oktoba 1992, msimu ukiwa bado mchanga, serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba itafunga migodi 31 kati ya ile 50 iliyobaki nchini, na watu elfu thelathini wangepoteza kazi. Nilipokwenda tena Central Park nilidhani nitakuta hasira. Nilikuta kimya. Hasira yao walikuwa wameimaliza katika mgomo wa 1984 hadi 1985, mwaka mzima bila mshahara, na wapo walioshtakiwa wakapoteza kazi kwa kusimama mlangoni pa mgodi. (Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kuwafutia hatia watu hao mwaka 2022. Wengi walikuwa wamekwisha kufa.) Mzee alisema tu kwamba mgodi ukifungwa hufungwa daima, maji huingia, na hakuna awezaye kuurudisha. "Timu," akaendelea, "ukiifunga leo, Jumamosi ijayo inarudi."

Nililichukua neno lile kwa mzaha. Jirani zetu wakati huo walikuwa wakifanikiwa: Raith Rovers wa Kirkcaldy, mwendo mfupi tu kutoka pale, ndio waliotwaa ubingwa wa daraja letu msimu ule ule, na mwaka 1994 wakawafunga Celtic kwa penalti na kutwaa Kombe la Ligi. Rafiki zangu wa chuoni waliniuliza kwa nini nisiende Kirkcaldy. Treni ni ile ile. Sikuwa na jibu.

Kuna jambo ambalo sikumweleza mtu kwa miaka mingi. Jumamosi moja ya mwanzo wa mwaka 1993, mvua ya barafu ikipiga ubavuni, tulikuwa tumefungwa mabao manne na zilibaki dakika kama ishirini. Nilikuwa na insha ya kumaliza, vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, na ghafla nikaona aibu ya kuwa pale. Niliona tumekuwa watu wa kuchekwa. Nikamwambia mzee nakwenda kituoni nisikose treni. Akaniambia, "Haya, nenda salama," bila kugeuza uso kutoka uwanjani. Hapakuwa na treni yoyote saa ile. Nilikaa kituoni karibu saa nzima nikisikiliza uwanja, na haukutoa sauti.

Sikurudi kwa majuma matatu. Niliporudi alikuwa mahali pake. Nilikuwa nimetayarisha uongo wangu juu ya insha, lakini hakuniuliza kitu. Aliponiona alisema, "Ulipoondoka tulipata kona mbili." Akanieleza ya kwanza ilipigwaje, nani aliruka, na jinsi ya pili ilivyopita juu ya mwamba kidogo tu. Alikuwa ameniwekea.

Msimu ulikwisha, timu ikashuka daraja, nami Septemba nikarudi nyumbani. Msimu uliofuata ulianza kama ule uliopita, na mechi za nyumbani bila ushindi zikazidi kuongezeka: ishirini na tano, thelathini, thelathini na tano. Nilizihesabu kwa redio, Jumamosi usiku, nikiwa Tanga kibarazani kwa baba. Ilifika 38. Tarehe 2 Aprili 1994 baba alikuwa kando yangu, amefumba macho kama kawaida yake. Msomaji akaitaja Cowdenbeath, na kabla hajafika kwenye idadi, baba akafumbua macho. Sauti ilikuwa imepanda. Cowdenbeath 1, Arbroath 0.

Baba alicheka mpaka akakohoa, kwa furaha yangu, si kwa yake. Nilimwandikia mzee barua usiku ule ule.

Jibu lilichukua muda. Kwa hesabu za ligi ushindi ule haukuwaokoa: ligi zilipopangwa upya mwaka 1994 wakaangukia daraja jipya la nne, la chini kuliko yote. Miaka ya baadaye waliinuka tena mpaka daraja la pili, wakacheza ligi moja na Rangers wenyewe waliokuwa wameanguka, na Februari 2015 wakafungwa mabao 10-0 na Hearts mjini Edinburgh. Mwezi wa Mei 2022 walitolewa kabisa katika ligi waliyoicheza tangu 1905. Waliowatoa, kwa jumla ya mabao 4-0 katika mechi mbili za mchujo, ni Bonnyrigg Rose, timu ya mji mwingine uliokuwa wa makaa, upande wa pili wa ule mlango wa bahari. Walikwenda kuanza upya katika Ligi ya Nyanda za Chini, na Central Park haikufungwa. Siku ile nilikuwa nikifuata kwenye simu, ambayo haina sauti ya kupanda wala kushuka.

Barua ya mzee ninayo bado. Ni ukurasa mmoja, kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea kuandika. Alieleza kwamba tarehe 2 Aprili kifua kilimzidi asiweze kutoka, na binti yake akamkataza hata kufungua mlango. Lakini nyumba yake haikuwa mbali na uwanja. Alasiri alisikia kelele, na kwa sababu kelele namna ile hakuwa ameisikia kwa karibu miaka miwili, alidhani kwanza ni magari ya mashindano. Kisha akakumbuka kwamba magari yanaanza jioni. Akakaa kitandani akingojea kelele ya pili, ile ya kusawazishwa, ambayo alikuwa na uzoefu nayo. Haikuja.

Chini kabisa, kando ya jina lake, alikuwa ameuliza kama mkonge umerudi.