Leseni ya pikipiki: Uliza saa za mazoezi kabla ya kuuliza bei

MTU anayetaka kuendesha pikipiki nchini Kenya huwa na maswali mawili anapofika kwenye lango la shule ya udereva: ni pesa ngapi, na leseni itatoka lini. Swali linalostahili kutangulia, la saa ngapi atakazokaa juu ya pikipiki yenyewe, aghalabu haliulizwi.

Kosa hilo lina historia yake. Mwaka wa 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zenye injini ndogo ya chini ya 250cc, na vijana wengi wakaingia katika biashara ya bodaboda kabla ya shule za kuwafunza kuwepo. Wengi walifundishwa na rafiki kwenye uwanja wa shule ya msingi jioni moja, na kesho yake wakabeba abiria. Leseni ilikuja baadaye, na kwa wengine haikuja kabisa.

Matokeo yanajulikana katika kila wodi ya majeruhi. Zaidi ya watu 4,000 walifariki katika ajali za barabarani nchini mwaka wa 2023, na waendeshaji pikipiki walikuwa kundi la pili kwa ukubwa baada ya wanaotembea kwa miguu.

Jambo la kwanza ni kujua daraja la leseni linalohitajika. Leseni za pikipiki ziko katika kundi A. Daraja A1 ni la vipikipiki vya injini isiyozidi 50cc, A2 ni la pikipiki ya kawaida ya matumizi ya mtu binafsi, nalo A3 ni la pikipiki za kubeba abiria, za kusambaza vifurushi, na tuktuk.

Anayenuia kuendesha bodaboda akasomea A2 kwa sababu ada yake ni nafuu hajaokoa chochote. Sheria ya Trafiki inamkataza mtu kuendesha chombo cha daraja asilo na leseni yake, na inamwajibisha pia mwenye pikipiki aliyemruhusu. Aidha, kampuni ya bima inaweza kukataa kugharamia pikipiki iliyoharibika mikononi mwa mtu asiye na leseni inayofaa. Kwa kijana aliyenunua pikipiki kwa mkopo, hilo lina maana ya kuendelea kulipa deni la chuma chakavu.

Jambo la pili ni uhalali wa shule. Shule ya udereva pamoja na kila mwalimu wake ni sharti wawe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA). Mwanafunzi hujisajili mtandaoni ili apate leseni ya muda, ambayo hudumu kwa miezi mitatu, na usajili wa mtihani hupitia shule iliyoidhinishwa. Shule isiyotambuliwa itachukua ada, kisha imwache mwanafunzi akingoja tarehe ya mtihani isiyofika. Si utovu wa adabu kumwomba mwalimu aonyeshe leseni yake ya kufundisha.

Lakini kibali pekee hakitoshi, na hapa ndipo wengi hunaswa. Zipo shule ambazo nguvu zake zote ziko katika magari. Pikipiki ni nyongeza tu: mwanafunzi wa gari huongezewa pesa kidogo, akaonyeshwa gia na breki, akazunguka uwanja mara mbili tatu, kisha akapelekwa kwenye mtihani. Nyingine zina pikipiki moja kwa wanafunzi ishirini, hivi kwamba somo la saa moja ni dakika tatu za kuendesha na dakika hamsini na saba za kutazama wenzake.

Kwa hivyo, anayechagua shule afike bila kutoa taarifa, wakati wa somo. Ahesabu pikipiki na wanafunzi. Atazame kama wanafunzi wamevaa helmeti zilizofungwa kidevuni, na kama pikipiki zina vioo, taa na alama ya L. Mwalimu anayemruhusu mwanagenzi kupanda bila helmeti amekwisha kumfundisha somo lake la kwanza, nalo ni baya. Utafiti uliojumlisha tafiti za nchi nyingi ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42, na ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69.

Kisha yaangaliwe yale yanayofundishwa. Kozi nzuri huanza uwanjani kwa mwendo wa polepole: kuachilia klachi bila pikipiki kuruka, kupita katikati ya vigingi, kuzunguka kwa umbo la nambari nane, na kusimama mahali palipochorwa. Anayeweza kuidhibiti pikipiki katika mwendo wa kutembea ndiye atakayeweza kuidhibiti katika msongamano wa Gikomba.

Somo la breki ndilo kipimo bora zaidi cha shule. Waendeshaji wengi huogopa breki ya mbele, woga uliorithiwa kutoka kwa baiskeli, na hukanyaga ya nyuma peke yake. Ukweli ni kwamba pikipiki inapopunguza kasi, uzito wake husogea mbele, na gurudumu la mbele ndilo linaloshika barabara zaidi. Gurudumu la nyuma likikazwa peke yake huteleza, na pikipiki huchukua umbali mrefu zaidi kabla ya kusimama. Mwanafunzi anapaswa kufundishwa kutumia breki zote mbili, kuikaza ya mbele hatua kwa hatua wala si kwa mkupuo, na kuilegeza mkono zaidi kwenye changarawe, matope au lami yenye mvua. Hayo hayafundishwi ubaoni. Hurudiwa mara nyingi hadi vidole vitende kabla ya woga.

Baada ya uwanja, sharti kuwe na barabara halisi: mzunguko, makutano, matuta, matatu inayosimama ghafla, lori linalopita kwa kishindo cha upepo. Shule ambayo kozi yake huishia uwanjani humwachia mwanafunzi sehemu ngumu zaidi ajifunze peke yake.

Kwa A3, ulizia pia mazoezi ya kubeba mtu. Abiria huongeza umbali wa kusimama, huufanya usukani uwe mwepesi kwenye mlima, na akishtuka huinamia upande usiofaa. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu, naye pia anastahili helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga.

Vikundi vya bodaboda mara nyingi hufadhiliwa na wabunge au magavana ili wanachama wapate leseni. Huo ni msaada wa thamani, ila mafunzo ya watu mia moja ukumbini kwa siku mbili ni mafunzo ya alama za barabarani, wala si ya kuendesha. Viongozi wa kikundi wanaweza kudai sehemu ya fedha hizo itengewe mazoezi ya vitendo, hata kama idadi ya watakaonufaika itapungua.

Kuhusu ada, makubaliano yaandikwe: idadi ya saa za kuendesha, kama mafuta na malipo ya mtihani yamejumuishwa, na gharama ya kurudia iwapo mtahiniwa ataanguka. Anayeahidi kwamba mwanafunzi atafaulu hata asipohudhuria anauza hongo, na mnunuzi wake pia anavunja sheria.

Mwanafunzi ambaye tarehe ya mtihani imekaribia na bado pikipiki inamzimikia kwenye mlima ana haki ya kuomba tarehe isogezwe. Leseni ya muda ikiisha, nyingine huombwa.