Mtoto Aliyeachwa Nje ya Hadithi ya Milima

Kaskazini mwa China, hapo kale, aliishi mzee wa karibu miaka 90 aliyeitwa Yu Gong. Mbele ya mlango wake ilisimama milima miwili, Taihang na Wangwu, na kila aliyekuwa na shughuli upande wa kusini alilazimika kuizunguka. Siku moja akawakusanya watu wa nyumbani mwake, akawaambia: tuiondoe. Wote wakaitikia isipokuwa mkewe. Bibi huyo aliuliza mambo mawili. Mzee mwenye nguvu zisizotosha kusawazisha hata kilima kidogo ataiweza vipi milima hii? Na udongo wote huo, na mawe yote hayo, yatatupwa wapi?

Yatatupwa pwani ya Bohai, wakamjibu. Wakaanza kuvunja mawe, kuchimba udongo na kuubeba kwa makapu hadi baharini. Jirani yao, mjane wa ukoo wa Jingcheng, alikuwa na mtoto wa kiume ambaye baba yake alikwisha fariki. Mtoto mwenyewe ndiyo kwanza meno yake ya utoto yalikuwa yanang'oka. Alipoona kazi imeanza alitoka mbio, akirukaruka, akaenda kuwasaidia. Kwenda baharini na kurudi mara moja tu kulichukua muda mrefu kiasi kwamba waliondoka majira ya baridi na kufika nyumbani joto limekwisha ingia.

Kwenye kona ya mto aliishi mzee mwingine, Zhi Sou, aliyesifika kwa hekima. Huyo aliwacheka. Kwa umri ulio nao, alimwambia Yu Gong, hata jani moja la mlima huwezi kulitikisa. Yu Gong akajibu kwamba moyo wa Zhi Sou umekuwa mgumu, na kwamba mtoto wa yule mjane ana akili kumshinda. Mimi nitakufa, akasema, lakini nina wanangu, nao watazaa wajukuu, na wajukuu watazaa. Milima hii haikui hata kidogo. Zhi Sou akakosa la kusema. Mungu wa milima, yule ashikaye nyoka mikononi, akaingiwa na hofu kwamba kazi ile haitakoma, akaenda kumwarifu Mfalme wa Mbinguni. Mfalme akaguswa na moyo wa yule mzee, akawatuma wana wawili wa jitu Kua'e waibebe milima mgongoni. Mmoja wakauweka mashariki, mwingine kusini.

Hivyo ndivyo hadithi ilivyoandikwa katika Liezi, kitabu cha mafundisho ya Kitao ambacho umbo lake tulilo nalo leo lilikamilika takriban karne ya 4 baada ya Kristo. Nimeisimulia karibu yote kwa sababu wasomaji wengi wa Kiswahili waliofikiwa na Yu Gong hawakuipata hivyo. Walipewa iliyopunguzwa.

Aliyeipunguza ni Mao Zedong. Tarehe 11 Juni 1945, mjini Yan'an, akifunga Mkutano Mkuu wa 7 wa Chama cha Kikomunisti cha China, alimtaja Yu Gong kuwapa moyo wajumbe. Milima miwili ikawa ubeberu na ukabaila. Mungu wa kuguswa moyo akawa umma wa China wenyewe. Kwa kazi ya siku ile masimulizi yalifaa sana, na nguvu yake bado inasikika ukiyasoma. Ila katika kuyafupisha, mke na maswali yake aliondoka. Mjane aliondoka. Mungu mwenye nyoka aliondoka, na mtoto wa meno yanayong'oka akaondoka naye. Wakabaki mzee, wanawe, majembe, Mfalme wa Mbinguni na Zhi Sou, maana hotuba haikosi mtu wa kupingwa.

Kwa sura hiyo hadithi ikaingia Afrika Mashariki. Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa Tanganyika. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kile kitabu chekundu cha nukuu za Mao kilikuwa kinasomwa kwa Kiswahili, na humo Yu Gong yumo katika sura ya 21, sura ya kujitegemea na kufanya kazi kwa taabu. Tanzania yenyewe ilikuwa imetoka kupokea Azimio la Arusha, Februari 1967, na kujitegemea lilikuwa neno la kila siku mikutanoni na shuleni. Mzee wa Kichina alifika mahali palipokuwa pamekwisha andaliwa. Aliyeandaliwa kumpokea, hata hivyo, alikuwa mtu mzima wa tawi la chama na kijana wa umoja wa vijana. Hakuna aliyekuwa anamfikiria mtoto wa darasa la 2.

Kisha milima ikachimbwa kweli. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilikuwa zimekataa kugharimia reli kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, kwa hoja kwamba haitalipa. China ikakubali, na mkataba ukatiwa saini Beijing Septemba 1967. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970: kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, madaraja yapatayo 300, mahandaki zaidi ya 20. Pagumu kuliko pote palikuwa kati ya Mlimba na Makambako, ambako mabonde ni ya kina na udongo unaporomoka. Wachina zaidi ya 60 walifia Tanzania katika kazi za miaka ile, na makaburi yao yapo nje kidogo ya Dar es Salaam. Agosti 1973 reli iligusa mpaka, Tunduma, na Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi. Mwaka huohuo mtengenezaji filamu wa Kiholanzi, Joris Ivens, alitoa mfululizo mrefu wa filamu kuhusu maisha ya China, akaupa jina la Yu Gong na milima yake. Ukiniuliza kama yupo Zhi Sou katika historia yetu, nitakuonyesha wale walioikataa reli kwa mahesabu ya karatasi.

Kitabu cha Yu Gong ninachokitaka ni cha mtoto wa Saza, ambako reli haipiti. Inapita juu, nyanda za Mbozi, kupitia Vwawa hadi Tunduma. Saza iko chini, Wilaya ya Songwe, katika ardhi ya dhahabu ya Lupa. Dhahabu iligunduliwa Lupa mwaka 1922, mgodi wa Saza ukafanya kazi mpaka 1956, na tangu 2012 mgodi wa New Luika unatoa dhahabu katika ukanda huohuo. Kando ya migodi mikubwa wapo wachimbaji wadogo: mashimo yaitwayo maduara, magogo ya matimba ya kuyashikilia, moko na nyundo, viroba vya mawe vikielekea karasha, mashine ya kuyasaga. Mtoto wa huku hahitaji kuelezwa maana ya kuvunja jiwe. Swali la bibi, udongo tutautupa wapi, ni swali lake hasa, kwa sababu marundo ya marudio, mabaki ya mawe yaliyosagwa, anayaona kila siku.

Hapo ndipo msimulizi anapokutana na jambo zito. Mtoto anayekimbilia machimbo akirukaruka ni picha ya furaha ndani ya Liezi. Katika maeneo ya dhahabu ni jambo la hatari, nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto katika kazi ya namna hiyo. Yapo maduara yaliyofukia watu wazima wenye uzoefu. Mhariri mwoga atamfuta mtoto kwa mara ya pili, na nitamwelewa, lakini nitampinga. Bila mtoto huyu jibu la Yu Gong linabaki la wanaume kuzaa wanaume. Pamoja naye tunaona kwamba kazi ya mzee imemgusa mtu asiye wa damu yake, na kwamba mdogo kuliko wote ameelewa kabla ya mwenye hekima. Ningemwacha aruke. Ningemwacha abebe jiwe moja linaloenea kiganjani, na yule bibi, aliyekuwa na akili tangu mwanzo, ndiye angemrudisha kwa mama yake kabla wakubwa hawajaanza kuchimba kwenye mwamba. Kitabu cha kale hakisemi hivyo. Lakini kama Mao aliruhusiwa kuondoa wanne, mwalimu wa Saza anaruhusiwa kuongeza tendo moja la huruma.

Michoro nayo ina kielelezo. Mwaka 1940 mchoraji Xu Beihong alimchora Yu Gong akiwa India, na baadhi ya wachimbaji wenye misuli katika picha yake ni Wahindi aliowaweka mbele yake. China ilikuwa vitani wakati huo, na kwangu picha haikupungukiwa Uchina. Basi mchoraji wa Songwe naye asiogope kuchora Wabungu na Wanyiha wenye makapu yao, alimradi majina ya Taihang na Wangwu yabaki, mtoto ajue milima hii iko wapi kwenye ramani. Ujuzi wa kutengeneza vitabu vya namna hiyo tunao nyumbani. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa Tanzania mwaka 1991 kwa ajili ya vitabu vya Kiswahili vya watoto.

Baada ya Yu Gong ningependa aje Nüwa, mungu wa kike aliyeyeyusha mawe ya rangi 5 akaziba mbingu ilipotoboka. Mkoa wa Songwe una zana ya kumfundishia: Kimondo cha Mbozi, pande la chuma la tani zipatazo 16 lililoanguka kutoka angani, liko Ndolezi, si mbali na barabara kuu ya Mbeya hadi Tunduma. Mwalimu wa Vwawa anaweza kuisoma hadithi asubuhi, na mchana akawapeleka wanafunzi wakaligusa.